Moshi wa magari Meru na Embu: Hesabu inayohitaji zaidi ya daftari la usajili

KILA siku magari yaliyosheheni miraa huondoka Maua na vijiji vya Igembe yakikimbilia Nairobi. Malori ya viwanda vya chai huzunguka vituo vya kupimia majani katika miinuko ya Imenti na Runyenjes. Mijini Meru na Embu, bodaboda husubiri abiria kwenye kila kona, ilhali malori ya masafa marefu yanayoelekea Isiolo na Moyale hupitia Timau bila kusimama.

Kila chombo kati ya hivi huchoma mafuta na kuacha moshi. Swali la ni moshi kiasi gani hutolewa katika kaunti hizi mbili kwa mwaka huonekana jepesi, lakini jibu lake halianzii kwenye moshi wenyewe. Huanzia kwenye hesabu ya magari: ni mangapi, ni ya aina gani, yana umri gani, hutumia mafuta gani na husafiri kilomita ngapi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Moshi nao usipoandikwa humfikia mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto anayetembea kwenda shuleni bila yeyote kuwajibika.

Wajibu wa kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, pamoja na kusimamia barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo ilizitaka kaunti kuingiza masuala hayo katika mipango yao ya maendeleo.

Katika ngazi ya kitaifa, Kenya iliahidi mnamo Desemba 2020 kwamba kufikia 2030 itapunguza gesi chafu kwa asilimia 32, ikilinganishwa na tani milioni 143 ambazo zingetolewa mwaka huo iwapo hakuna hatua ambayo ingechukuliwa.

Ahadi ya aina hiyo hupimwa kwa tarakimu. Kaunti inayotaka kuhamisha kituo cha matatu, kutia lami barabara au kuhimiza matumizi ya pikipiki za umeme inahitaji kujua hali ilivyokuwa kabla ya hatua hiyo. Bila hesabu ya mwanzo, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hewa imekuwa safi zaidi, na fedha zilizotengewa mazingira huweza kuelekezwa pasipofaa.

Njia mbili za kuhesabu

Mwongozo wa 2006 wa Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ambao hutumiwa na nchi nyingi kutayarisha takwimu za gesi chafu, unaeleza njia mbili za kukadiria gesi zinazotokana na uchukuzi wa barabarani.

Njia ya kwanza ni kuhesabu mafuta yaliyouzwa. Kila lita ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, nayo lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Uzito huo hupita ule wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni kutoka hewani.

Njia ya pili ni kuhesabu magari. Idadi ya magari ya kila aina huzidishwa kwa kilomita ambazo gari moja husafiri kwa mwaka, kisha kwa kiasi cha mafuta au gesi kwa kila kilomita.

Kwa hewa ya kaboni pekee, njia ya mafuta ndiyo thabiti zaidi, kwani kaboni iliyoingia kwenye tangi haina budi kutoka. Hata hivyo, haiwezi kueleza ni nani aliyeyachoma mafuta hayo, wapi na kwa injini gani. Masizi, oksidi za naitrojeni na gesi nyinginezo zinazodhuru mapafu hutegemea umri wa injini, matunzo yake na vifaa vya kusafisha moshi. Ndiyo maana takwimu za magari haziepukiki.

Kile daftari la usajili linajua

Usajili wa magari nchini ulikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, hadi jukumu hilo lilipohamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyobuniwa kwa sheria ya 2012. Rekodi hizo zina hazina kubwa: aina na muundo wa gari, mwaka lilipoundwa, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha kila mwaka idadi ya magari mapya yaliyosajiliwa, yakiwa yamegawanywa kwa aina.

Tatizo la kwanza kwa Meru na Embu ni kwamba nambari ya usajili haitaji kaunti. Gari lenye nambari ya KC au KD laweza kuwa la mkulima wa Nkubu au la mfanyabiashara wa Mombasa. Nambari za pikipiki huanza kwa KM kote nchini. Magari yanayotambulika moja kwa moja ni ya serikali za kaunti, ambayo hubeba nambari ya kaunti, 12 kwa Meru na 14 kwa Embu, lakini hayo ni tone katika bahari.

Anwani ya mwenye gari pia hupotosha. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikishwa kwa jina la mnunuzi pamoja na la mkopeshaji. Matatu ya Embu yaweza kuwa mali ya mtu anayeishi Nairobi, nayo pikipiki tatu zinazohudumu Runyenjes zikawa za mwalimu mmoja anayefunza Thika.

Tatizo la pili ni matumizi. Gari dogo aina ya Probox lililosajiliwa kuwa la kibinafsi laweza kubeba abiria na mizigo kutwa kucha. Mtakwimu akilihesabu kama gari la kwenda kazini na kurudi nyumbani, atapata sehemu ndogo tu ya kilomita linazosafiri.

Magari yaliyokufa bila kuzikwa

Kasoro kubwa zaidi ni ya magari yaliyokwisha. Gari linapoingia nchini huandikwa. Linapoharibika kabisa, likaachwa nyuma ya gereji au kukatwakatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, mara nyingi mwenyewe haendi kuliondoa kwenye rekodi.

Zamani kulikuwa na ishara ya kila mwaka. Wenye magari walilipia leseni ya barabara, na gari ambalo halikulipiwa lilidhaniwa kuwa halitumiki tena. Leseni hiyo iliondolewa katika bajeti ya 2006, na badala yake ushuru wa kukarabati barabara unaotozwa mafuta ukapandishwa kutoka Sh5.80 hadi Sh9 kwa lita. Wenye magari waliepushiwa foleni, lakini watakwimu walipoteza njia rahisi ya kutambua magari yaliyo hai.

Jumla ya magari yaliyowahi kusajiliwa kwa hivyo si jumla ya magari yaliyo barabarani. Ili kurekebisha dosari hiyo, wataalamu huchukua idadi iliyosajiliwa kila mwaka na kukadiria ni sehemu gani ingali inatumika baada ya miaka mitano, kumi au ishirini. Pikipiki ya bodaboda inayofanya kazi usiku na mchana huchakaa upesi, ilhali pikapu yaweza kuhudumu kwa miongo kadhaa ikibadilishwa injini na vipuri.

Rekodi za bima husaidia kusahihisha makadirio hayo, kwa kuwa sheria hudai kila gari linalotumia barabara liwe na bima ya kufidia watu wengine. Lakini zipo pikipiki vijijini zinazohudumu bila bima, na hizo hazionekani katika rekodi hiyo. Sensa ya 2019, iliyohesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu, pia iliuliza familia kama zinamiliki gari, pikipiki au baiskeli. Majibu yake hutoa picha ya kila kaunti, ingawa hayasemi chombo husafiri umbali gani.

Umri wa magari

Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, zilizowekwa mwaka wa 2000, gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu liundwe. Kwa hivyo gari linaloitwa jipya kwa sababu ya nambari yake laweza kuwa na umri wa miaka saba siku linapofika Meru. Anayehesabu umri kuanzia tarehe ya usajili wa Kenya atayafanya magari yote yaonekane machanga kuliko yalivyo, na moshi wake kuwa safi kuliko ulivyo.

Mengi ya magari hayo hutoka Japani. Huko, gari la kibinafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kila miaka miwili baadaye. Nchini Uingereza magari yaliyopita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na kilomita zilizosomwa huhifadhiwa mahali ambapo umma unaweza kuzitazama. Gari likishashushwa Mombasa, simulizi hiyo hukatika. Nchini Kenya magari ya uchukuzi wa umma na ya kibiashara ndiyo yaliyozoea kufikishwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, hivyo maisha ya matatu ni rahisi kufuatilia kuliko ya gari la kibinafsi.

Kilomita zilizofichika

Kwa matatu, hesabu huanza na urefu wa safari ukizidishwa kwa idadi ya safari za siku, habari ambazo vyama vya ushirika vya wenye matatu huwa nazo. Kwa malori, takwimu za idadi ya magari yanayopita barabara kuu, ambazo hukusanywa na mamlaka za barabara, huonyesha ukubwa wa shughuli. Kwa magari ya kibinafsi, njia nyepesi ni kusoma mita ya kilomita kwenye kituo cha mafuta, kumuuliza mwenyewe amekuwa nalo kwa muda gani na lilikuwa na kilomita ngapi alipolinunua.

Bodaboda ndiyo mtihani. Mita ya pikipiki nyingi huwa imekatika waya. Mwendeshaji hajui kilomita zake, lakini anajua vyema ametumia shilingi ngapi za mafuta. Kiasi hicho chaweza kugawanywa kwa bei ya lita ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza kila mwezi kwa miji mbalimbali, ikiwemo Meru na Embu. Anayenunua petroli ya chupa kijijini hulipa zaidi, kwa hivyo ni sharti aulizwe alikonunua.

Msimu nao una uzito. Mvua ikinyesha vizuri, miraa huwa tele na malori ya chai hurudi kiwandani mara nyingi zaidi. Siku ya soko si sawa na Jumapili, na wiki ya kufungua shule si sawa na wiki ya mtihani. Anayehesabu magari ya Maua kwa siku moja tu kisha kuzidisha kwa 365 atakuwa amepima bahati yake.

Mandhari pia hutofautiana. Gari linalopanda kutoka mabonde ya mito ya Mlima Kenya likiwa na mzigo hunywa mafuta kuliko linalotembea tambarare za Mbeere. Katika barabara za changarawe za Siakago na Kiritiri, ambako muguka husafirishwa kwa haraka kabla haijanyauka, mwendo na matumizi ya mafuta havifanani na vya barabara ya lami.

Mafuta kwa kila kilomita

Utafiti kuhusu magari madogo yaliyosajiliwa nchini kati ya 2010 na 2012, uliofanywa chini ya mpango wa kimataifa wa kuboresha matumizi ya mafuta, ulipata wastani wa kati ya lita 7 na 8 kwa kilomita 100. Hesabu hiyo ilitegemea viwango vya watengenezaji wa magari.

Hali ya barabarani ilitoa sura nyingine. Mnamo 2019, mtafiti Aderiana Mutheu Mbandi na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Nairobi. Waligundua kwamba bodaboda zilitumia wastani wa lita 4.6 kwa kilomita 100, tuktuk lita 8.7, magari madogo lita 22.8 na matatu lita 33.1. Matumizi hayo yalikuwa mabaya mara mbili hadi tatu kuliko katika nchi magari hayo yalikotoka.

Tofauti hiyo yaonyesha hatari ya kuazima tarakimu. Viwango vya kiwandani havijui msongamano, mzigo wa kupita kiasi wala injini isiyotunzwa. Kadhalika, viwango vya Nairobi haviwezi kuhamishiwa Embu jinsi vilivyo, kwani foleni za jiji si milima ya Manyatta. Kaunti haina budi kupima magari yake yenyewe, hata kama ni mia chache.

Ikichukuliwa kwa mfano kwamba bodaboda husafiri kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo ni kilomita 24,000. Kwa kiwango cha lita 4.6, itachoma takriban lita 1,100 na kutoa tani 2.5 za hewa ya kaboni. Matatu inayosafiri kilomita 150 kwa siku, kwa kiwango cha lita 33.1, itatoa takriban tani 34 kwa mwaka ikitumia petroli, au tani 40 ikitumia dizeli.

Sasa kosa la daftari laweza kuonekana. Iwapo rekodi zinaonyesha pikipiki 10,000 lakini 4,000 kati yazo zimekwisha, hesabu itaongeza tani 10,000 za kaboni ambayo haikutolewa na yeyote. Mwaka unaofuata, afisa akizifuta pikipiki hizo kwenye orodha, kaunti itaonekana kuwa imepunguza uchafuzi, ilhali hakuna kilichobadilika hewani.

Mafuta kama shahidi wa pili

Kwa sababu hiyo, jumla ya lita zinazopatikana kwa njia ya magari hulinganishwa na mafuta yaliyouzwa. Kitaifa ulinganisho huu unawezekana, kwani mafuta huingizwa kupitia mkondo unaojulikana na kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru. Hesabu mbili zikikaribiana, kuna matumaini. Zikiachana, mtakwimu hurudi kukagua kilomita na idadi ya magari.

Katika kaunti mambo huwa magumu. Lori laweza kujaza tangi Meru likaenda kuyachoma mafuta hayo Marsabit, nalo basi lililojaza Nairobi likafika Embu na kurudi bila kununua lita moja. Petroli nyingine huishia kwenye pampu za kunyunyizia mashamba maji na misumeno ya mbao, na dizeli huendesha jenereta na mashine za kusaga.

Palikuwepo pia mtindo wa kuchanganya dizeli na mafuta taa yaliyokuwa ya bei nafuu. Serikali iliukabili mnamo Septemba 2018 kwa kutoza mafuta taa Sh18 zaidi kwa lita. Takwimu za miaka ya kabla ya hapo kwa hivyo zasomwa kwa tahadhari, kwani sehemu ya mafuta taa yaliyouzwa ilichomwa katika injini za magari.

Mpaka unaopita katikati ya safari

Kati ya Meru na Embu iko Kaunti ya Tharaka-Nithi. Matatu inayotoka Embu kwenda Meru hupita Chuka na daraja la Nithi, na sehemu kubwa ya moshi wake hubaki huko. Kila kaunti ikihesabu safari nzima, moshi mmoja utaandikwa mara mbili au tatu.

Suluhisho ni kuchagua kanuni moja na kuitaja waziwazi. Moshi waweza kuhesabiwa pale ulipotolewa, au pale gari linapomilikiwa, au pale mafuta yaliponunuliwa. Kanuni ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi kwa afya ya umma, kwa kuwa wakazi wa Timau huvuta moshi wa lori lipitalo bila kujali limesajiliwa wapi.

Moshi unaodhuru mapafu

Hewa ya kaboni huathiri dunia nzima, lakini masizi humdhuru aliye karibu. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya imetakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, hatua iliyofungua njia kwa injini zenye vichujio vya kisasa. Hata hivyo, mafuta safi hayafanyi injini kuukuu kuwa mpya. Lori la miaka 25 na lile la miaka 8 laweza kutoa kaboni inayokaribiana kwa kila kilomita, lakini masizi yao yakatofautiana pakubwa. Asiyejua umri wa malori yake hawezi kujua hatari iliyopo kando ya barabara.

Mahali pa kuanzia

Shughuli hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. NTSA inaweza kutoa muhtasari wa rekodi bila majina ya wenye magari. Idara za mapato za kaunti zina rekodi za ada za maegesho ya matatu. Vyama vya bodaboda vinajua wanachama wao kwa kila steji. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vina wanafunzi wanaoweza kusimama barabarani wakiwa na karatasi za kuhesabia, siku ya soko na siku ya kawaida, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Lililo muhimu ni kurudia hesabu hiyo kwa utaratibu ule ule kila baada ya miaka michache, na kuandika kila kadirio lilikotoka ili atakayefuata aweze kulirekebisha.

Haja hiyo inazidi kuongezeka kadiri pikipiki za umeme zinavyoingia sokoni. Embu imepakana na mabwawa ya Mto Tana, likiwemo la Gitaru lenye uwezo wa kuzalisha megawati 225 za umeme, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na maji, mvuke wa ardhini, upepo na jua. Bodaboda ya Runyenjes ikiacha petroli na kutumia umeme huo, itaokoa karibu tani zake 2.5 za kaboni kila mwaka. Lakini ili faida hiyo iandikwe, lazima kwanza pajulikane ni pikipiki ngapi zilizokuwa zikitumia petroli, na ni ngapi kati yazo zilizokuwa zimekwisha zamani zikabaki kwenye karatasi tu.